Mikoko ikikatwa kamba wanapotea kweli?

Mtoto wa Kaole: Habari wakuu. Jana nimebishana na mjomba, anasema mikoko ni kuni na boriti tu, samaki wako baharini huko. Mi nakumbuka zamani maji yakitoka unaona kamba wadogo wamejaa vidimbwini, siku hizi pale palipokatwa ni tope tupu. Nani anamtegemea nani?

Mama Mbegani: Mdogo wangu uko sahihi. Jani la mkoko likidondoka kaa analivuta mpaka shimoni kwake anakula, linalobaki linaozeshwa na bakteria na kuvu, kamba wanakula yale mabaki, samaki wanakula kamba, na sisi tunakula wote. Halafu ile mizizi iliyopinda, samaki mkubwa hapenyi, ndo maana vitoto vinajificha humo. Kamba anazaliwa baharini anakuja kukulia mikokoni, akishakua anarudi.

Ticha wa Bio: Na kaa naye hali bure, mashimo yake yanaingiza hewa kwenye lile tope, mizizi inapumua. Angalieni mchu, aina mojawapo ya mikoko, umesimamisha vimizizi juu kama penseli kutafuta hewa.

Mtoto wa Kaole: Aisee asanteni. Tukipanda upya je?

Mama Mbegani: Pandeni ila kila mti na sehemu yake, mfano mlilana, nao ni aina ya mkoko, unakaa mbele kabisa upande wa bahari, ukiuleta nyuma huku kwenye pakavu hautoboi. Waulizeni wazee kwanza palikuwa na nini.