Wandugu wa Lubumbashi, mopu za rangi: kila fasi na rangi yake, ao rangi moja inatosha?

Mufagizi243
Jambo yenu wote. Nimepata kontra ya usafi, timu yangu ni ndogo, na mteja ametuma karatasi ya masharti inasema mopu lazima ziwe na rangi tofauti kufuatana na fasi. Miye nimezoea raklete ya kusukumia maji na torsho, kile kitambaa cha kupangusia chini, kama kila mtu. Naomba mnijibu tu hili: rangi iko na kazi gani kweli? Siwezi kuchukua rangi moja ya bei nzuri halafu niandike ku mpini na markeri, hii ya choo hii ya ofisi? Na nyuzi za pamba ao mikrofibri, zile nyembamba sana za kiwandani? Kazi inaanza wiki ijayo, usingizi umenikimbia.

Mzee_Katuba
Kijana, wakati wetu hapakuwa rangi. Palikuwa balai ya kufagia, maji, na kapita, yaani msimamizi, amesimama nyuma yako. Ukiacha kona chafu unarudia chumba kizima. Leo vijana wanataka vyombo mbele ya kujua kufagia.

Nesi_Kamalondo
Mzee shikamoo, lakini kapita haoni vijidudu. Mufagizi, kazi ya rangi ni kuzuia mopu ya choo isiingie jikoni, basi. Nyekundu ni vyoo na bafu, bluu ni ofisi na koridori, kijani ni jiko na fasi ya chakula. Njano inategemea: Uingereza mwaka 2007 hospitali zilipewa mpango mmoja na njano ikawekwa kwa vyumba vya wagonjwa waliotengwa, lakini kampuni nyingine za usafi zinaitumia kwa lavabo, sinki za kunawia. Kwa hiyo soma karatasi ya mteja, usinakili ya jirani. Hilo jengo ni la nini?

Mufagizi243
Aksanti mama. Ni jengo la kawaida tu, ofisi, vyoo, fasi ya kula. Sasa ya markeri, inawezekana?

Tonton_Kasumba
Achana na rangi, shida ni nyuzi. Pamba inakunywa maji mengi na haikauki upesi, halafu watu wanaiacha ndani ya ndoo usiku mzima, asubuhi koridori inanuka samaki. Mikrofibri inakauka haraka lakini usiizoeze javeli, ile dawa ya klorini, inakufa mapema, na usiifue na ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi. Miye kuna siku nilikuwa Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, na mzigo wa ndoo, foleni ya malori imefika mbali, dereva akasema kaka twende tule, tukala, tukarudi, ndoo zote ziko lakini vifuniko hakuna. Vifuniko tu!! Mpaka leo najiuliza mtu anafanya nini na vifuniko bila ndoo.

Nesi_Kamalondo
Mufagizi hujajibu. Fasi ya kula, wanapika hapo hapo? Na wanaokula ni nani?

Mufagizi243
Sawa, niseme. Ni kliniki. Iko na materniti, laboratwari kidogo na jiko la wagonjwa. Lakini msinipigie kelele, mopu nimeshalipa avansi, zote nyekundu, muuzaji alikuwa nazo hizo tu na alishusha bei. Na mimi naona nyekundu inafaa huku kwetu, mnajua vumbi la kiangazi lilivyo, nyeupe ingechafuka siku ya kwanza, nyekundu haionyeshi.

Lushoise_Kabisa
Zote nyekundu 😂😂 basi andika ku mlango: JENGO ZIMA NI CHOO

Nesi_Kamalondo
Kutoonyesha uchafu ndiyo sifa mbaya kuliko zote! Unapangusa damu ya materniti na mopu ambayo damu haionekani juu yake? Na markeri yako, maji na javeli vitaifuta. Hata rangi yenyewe inapauka: kwetu vichwa vyekundu vilifuliwa na javeli mpaka vikawa pinki, kisha karibu na rangi ya chungwa, mfanyakazi mpya akadhani ni njano akaingia navyo kwa lavabo. Na kitu watu wanasahau ni ndoo. Mopu ya kijani ukiichovya kwenye ndoo iliyotoka chooni umefanya nini? Ndoo, torsho, glovu, vyote vifuate rangi.

Fundi_Ruashi
Kwa markeri miye namtetea kidogo. Nilifanya kazi na kaka mmoja macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani, wanaume kama hao wako, na wengi hawasemi. Angalieni sasa, nyekundu choo, kijani jiko, ndizo anazochanganya! Tulifunga kamba ku mpini, fundo moja choo, mafundo mawili jiko, anashika tu na mkono. Rangi iwepo, alama nayo iwepo.

Mzee_Katuba
Kapita angemwonyesha.

Sina_Haraka
Miye hii hadithi siiamini. Mtu anapata kontra ya kliniki bila kujua choo na jiko vinatenganishwa? Kwanza ilikuwa "jengo la kawaida," halafu ghafla materniti. Huyu ni muuzaji anapima soko, kesho mtaona tangazo. Ao ni mwanafunzi anaandikiwa kazi yake ya shule na nyinyi.

Mufagizi243
Kontra nilipewa juu nilikuwa na bei ya chini, ulitaka niikatae? Nimeongea na muuzaji, anakubali kubadilisha nusu ya vichwa kwa bluu, mipini ibaki. Ya kijani hana. Nyekundu zinazobaki ziende vyooni na materniti, mama nesi, si ndiyo?

Nesi_Kamalondo
Vyoo ndiyo. Materniti hapana, yule mama amelala pale na mtoto mchanga. Waulize kliniki wenyewe rangi ya materniti ni ipi. Jikoni tumia torsho nyeupe na ndoo yake mpaka upate kijani, zikae jikoni, zifuliwe peke yake, zitundikwe zikauke. Na vijana wako wasichanganye javeli na ile asidi ya choo, moshi wake unachoma mapafu.

Tonton_Kasumba
Kijani miye niko nazo. Mikrofibri, na ndoo zake. Njoo inbox tuongee bei.

Lushoise_Kabisa
Ndoo na vifuniko ao bila? 😂

Sina_Haraka
Ahaa! Muuzaji nilimjua, nilikosea jina tu.