Ninunue MacBook Air ya M3 sasa au nisubiri ya M4? Naomba ushauri, harusi za Shaabani zimenikabili

Mhariri wa Ng'ambo, 5 Februari 2025

Ndugu wanajamvi, assalamu alaykum na habari za kazi.

Mimi ni mwanamke ninayepiga na kuhariri video za harusi hapa Unguja, hasa za upande wa wanawake, na nimekuja na jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili. Kompyuta mpakato ninayoitumia ni MacBook Air ya mwaka 2017 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 128. Imenilisha miaka mingi lakini sasa imechoka. Mfumo wake wa uendeshaji uliishia toleo la Monterey, video ya 4K (ya ubora wa juu) inakwamakwama kila ninapoicheza, na tangu mwezi uliopita pedi ya kugusia imekuwa ngumu, haibonyei tena, kwa hiyo natumia kipanya.

Nimedunduliza shilingi milioni tatu. Duka moja hapa mjini linauza MacBook Air yenye chipu ya M3 na RAM ya GB 16 kwa milioni tatu na laki mbili, na mwenye duka ameonyesha dalili ya kupunguza. Kinachonisitisha ni kwamba Apple ilishatoa iMac, Mac mini na MacBook Pro zenye chipu mpya ya M4 tangu mwishoni mwa mwaka jana, Air ndiyo iliyobaki nyuma, na wanaofuatilia habari hizo wanasema zamu yake imekaribia. Naogopa kununua leo nikajuta mwezi ujao. Kwa upande mwingine tumeshaingia Shaabani, na watu wa pwani mnajua jinsi harusi zinavyoharakishwa kabla ya Ramadhani: nina nne za kuhariri, zote za kamera mbili. Wateja wangu hulipa nusu siku ya makubaliano na nusu ya pili siku ya kukabidhiwa video, kwa hiyo nikichelewa mimi, na fedha inachelewa.

Natumia Final Cut Pro, programu ya kuhariri video ya Mac, ambayo nilishainunua, kwa hiyo naomba tusihamie kwenye mjadala wa Windows. Ninunue au nisubiri?

Mzee wa Mahesabu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Najua kuna watakaokuletea methali za subira na wengine za ngoja ngoja. Mimi nitakuletea kalenda na kikokotoo.

Air ya M1 ilitangazwa Novemba 2020, ya M2 ikaingia sokoni Julai 2022, na ya M3 ikaja Machi 2024. Baina ya moja na nyingine ni miezi 20. Ukiufuata mwendo huo, ya M4 ingetufikia Novemba mwaka huu, na hapo utakuwa umesubiri harusi za Shaabani, za baada ya Idi na za mfungo tatu zote zimekupita. Ukitazama namna M4 ilivyoenea kwenye mashine nyingine, utasema itakuja wiki chache zijazo. Hesabu zote mbili zina mantiki, na ndiyo sababu sipendi mtu apange riziki yake kwa kukisia tarehe ya kampuni.

Jiulize badala yake: kusubiri kutakupa nini? M3 ilipotoka mwaka jana, Apple ilishusha bei ya kuanzia ya M2 kutoka dola 1,099 hadi dola 999. Hizo dola 100 ni kama laki mbili na nusu za kwetu. Sasa chukua nusu ya pili ya malipo ya harusi moja uilinganishe na kiasi hicho. Ikiwa nusu hiyo ni kubwa zaidi, basi kila harusi itakayokuponyoka kwa sababu ya kusubiri imeshakula faida yote uliyokuwa ukiitafuta. Isitoshe, jambo kubwa ambalo watu walikuwa wakilisubiri limeshatokea: tangu mwisho wa Oktoba 2024 Air za M2 na M3 zinaanza na RAM ya GB 16 kwa bei ileile ya zamani ya GB 8. Kwa anayehariri video, tofauti hiyo ni nzito kuliko ya M3 na M4.

Mimi ningenunua.

Fundi wa Kariakoo

Dada, nimesoma swali lako mara mbili na naona umepita haraka kwenye jambo ambalo ndilo la kwanza. Pedi ya kugusia isiyobonyea kwenye Air ya mwaka huo, mara nyingi ni betri iliyovimba na kuisukuma kutoka chini. Ifunge mashine, iweke juu ya meza iliyonyooka, kisha gusa pembe moja kwa kidole. Ikiyumba kama kiti chenye mguu mfupi, tumbo lake limejaa. Usiichaji usiku ukiwa umelala, usiibane kifuniko, na usimruhusu mtu kuitoboa betri ili "itoe hewa". Nimewahi kuletewa iliyotobolewa, na meza yangu ina alama ya moto mpaka leo.

Habari njema ni kwamba betri ya mashine hiyo haikugundishwa kwa gundi kama za MacBook nyingine. Chini kuna skrubu 10 zenye kichwa cha ncha tano, ukizitoa unaikuta betri imeshikwa kwa skrubu nyingine chache, na fundi mwenye bisibisi sahihi hamalizi saa moja. Badilisha betri kwanza, halafu swali la M3 na M4 utalijibu ukiwa umetulia.

Mhariri wa Ng'ambo

Fundi, nimeiweka juu ya meza ya kioo na inayumba, tena sana. Nimeshtuka, kwa sababu juzi niliiacha ikichaji kitandani kwa mwanangu. Nimeizima. Ila nina hofu moja: ndani yake mna picha za wanawake wakiwa wamejipamba, na familia zimenikabidhi kwa amana. Siwezi kuiacha dukani kwa fundi nisiyemjua.

Fundi wa Kariakoo

Ni hofu ya haki. Hamishia kila kitu kwenye diski ya nje ukiwa mbele ya mashine, ifute, kisha ndipo uende, na ukae hapohapo akiifungua. Fundi anayekasirika mteja akikaa kumtazama, muache. Betri ya zamani usiitupe jaani. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jua.

Kijana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa: M1 iliyotumika. Inahariri 4K bila taabu, haina feni wala kelele, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na M3. Ungeinunua leo, ukazimaliza harusi za Shaabani, kisha M4 ikija ungeiuza na kuongezea.

Lakini jihadhari kwa jambo lililonikuta mimi. Nilinunua moja kwa mtu, ikawaka vizuri, nikafurahi. Wiki ya pili nikaamua kuifuta nianze upya, na ilipounganishwa na intaneti ikanitangazia kwamba ni mali ya taasisi fulani ya ng'ambo na kwamba lazima isimamiwe na taasisi hiyo. Muuzaji simu hakupokea tena. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba mashine iliyotumika inafutwa na kuanzishwa upya mbele ya muuzaji, ikiwa na intaneti, mpaka inapofika kwenye ukurasa wa kazi bila kuuliza jina la mtu mwingine wala la ofisi. Angalia pia hesabu ya mizunguko ya kuchaji ya betri. Apple wenyewe huihesabia betri ya MacBook mizunguko 1,000 kabla ya kuiita iliyochakaa. Na usishawishike na M2 ya GB 256 kwa sababu tu ni mpya kuliko M1: SSD yake ya ukubwa huo ilikuwa ya polepole kuliko ya M1, kwa kuwa ilifungwa chipu moja ya kuhifadhia badala ya mbili.

Mchumi Mtulivu

Kwa fedha hiyo ungepata kompyuta mbili za ThinkPad zilizotumika na jenereta ndogo. Najua umekataza, nimeshindwa kujizuia.

Bi Mkubwa wa Muscat

Mwanangu wa Ng'ambo, mimi ni wa huko huko kwenu, naishi Oman mwaka wa ishirini huu. Nawasikia wanaume hapa wakikuhesabia dola, lakini mimi nakuhesabia miezi yetu. Harusi zako nne zitakwisha Shaabani ikiisha. Mwanzoni mwa Machi tunaingia Ramadhani, na Ramadhani hakuna harusi. Kwa hiyo mwezi ambao mashine mpya inatarajiwa ndio mwezi ambao wewe huna kazi ya kupiga, una ya kumalizia tu. Ukiweza kuvuka hizi wiki tatu kwa mashine yako ya zamani iliyobadilishwa betri, kusubiri mpaka Idi hakukugharimu harusi hata moja.

Tena huku Ghuba mashine mpya hufika mapema kuliko huko, na kumi la mwisho halikosi mtu wa kuja Unguja. Kodi ya ongezeko la thamani hapa ni asilimia 5. Plagi ni ya pini tatu kama ya kwenu. Utakachoangalia ni kibodi: nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kilatini, kwa hiyo mwagize mtu wako aulize ya Kiingereza pekee ikiwa hizo zitakusumbua macho.

Mzee wa Mahesabu

Bi Mkubwa amenishinda, nakiri. Nilihesabu kana kwamba miezi yote ina harusi.

Nitaongeza moja la kumsaidia kuvuka. Final Cut Pro inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako zote. Unahariri kwa nakala hizo, na hata mashine ya 2017 haikwami. Video halisi ulizopiga ziweke kwenye SSD ya nje, kwa kuwa GB 128 za ndani hazitoshi hata harusi moja ya kamera mbili. Kabla ya kutoa faili la mwisho, hakikisha umerudi kwenye video halisi, la sivyo utamkabidhi bibi harusi video yenye ukungu, naye hatakuelewa ukianza kumweleza habari za nakala.

Mhariri wa Ng'ambo, 9 Februari 2025

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha betri jana, nimekaa mbele ya fundi tangu skrubu ya kwanza. Ilipotoka ilikuwa imejaa kama mkate wa mofa. Nimeamua kusubiri mpaka Idi, ila kwa sharti: nikikwama katika harusi ya pili, nakwenda dukani kuchukua M3 siku hiyohiyo. Kijana wa Likoni, ushauri wa M1 ni mzuri, lakini kisa chako kimenitisha na sina muda wa kumtafuta muuzaji wa kuaminika.

Mhariri wa Ng'ambo, 26 Machi 2025: MREJESHO

Nimerudi kama nilivyoahidi, kwa sababu najua jamvi hili lilivyojaa nyuzi ambazo mwenyewe alipata jibu akatoweka.

Harusi zote nne nimezihariri kwa nakala nyepesi. Kuhariri hakukuwa tatizo tena; tatizo lilibaki kutoa faili la mwisho, ambalo nililiacha likichemka usiku kucha, mashine iko juu ya sinia la bati na feni ya mezani inaielekea, na mara mbili nilikuta asubuhi limegoma katikati. Familia moja ilikabidhiwa video siku tisa baada ya ahadi, na nusu yao ya pili bado sijaiona. Sitaki mtu asome uzi huu akadhani kusubiri hakukunigharimu chochote.

Apple iliitangaza Air ya M4 tarehe 5 Machi, ikaanza kuuzwa tarehe 12. Bei ya kuanzia ni dola 999, yaani dola 100 chini ya ile ya M3, na RAM ni GB 16. Binamu yangu amewasili kutoka Muscat juzi nayo, ya GB 256, na baada ya kumlipa nimebakiwa na fedha ya kununulia SSD nyingine ya nje. Ile M3 dukani, nimepita kutazama, bado iko kwa bei ileile. Mwenye duka anasema aliinunua ghali.

Kuhusu yenyewe: rangi niliyoagiza inaitwa bluu ya anga, lakini chini ya taa ya chumbani ni fedha tu, lazima uitoe uani ndipo uuone ubuluu. Faili la harusi lililokuwa likinikesha, jana nililianzisha nikaingia jikoni kukaanga sambusa za futari, na kabla sijamaliza karai la pili lilikuwa tayari. Ilipata joto chini, kwa sababu haina feni na Machi yetu mnaijua, lakini haikukwama.

Bi Mkubwa wa Muscat

Alhamdulillahi. Hao wenye nusu yako uwafuate kabla ya Idi, baada ya Idi watu hawana kitu.

Fundi wa Kariakoo

Hongera, dada. Ile betri iliyovimba uliipeleka wapi?

Mhariri wa Ng'ambo

Bado iko uani, Fundi, ndani ya kopo la maziwa lenye mchanga kama ulivyoniagiza. Mama ameweka kigae juu yake ili kuku wasilichakure. Kama kuna anayezipokea huko Dar, nitamwomba binamu aulizie namna ya kuifikisha, maana kwenye boti sidhani kama wataniruhusu kuipakia.

Fundi wa Kariakoo

Usiipakie kwenye boti kabisa. Mwambie mama kigae kisitoke, nami nitaulizia.