Mwenye biwi la mboji uani apunguziwe ada ya taka?

Mleta hoja, Tabata, Dar es Salaam: Wadau, mkandarasi wa taka anatoza nyumba zote sawa. Kwangu maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha na majani ya mwembe yote yanaishia kwenye biwi nyuma ya nyumba, yaoze yawe mboji, yaani mbolea. Cha kupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi ni kiroba kimoja chepesi. Taka za jikoni ndizo zinazolemea lori, na mimi sizitoi. Kwa nini nilipe sawa na anayetoa viroba vitatu?

Mpangaji: Lori linapita uwe na kiroba au usiwe nacho. Mafuta yanaungua, vibarua wanalipwa. Halafu ada ikishuka tu, kila mtu atachimba shimo, atupie pampasi na mifuko, aseme ana mboji. Atakagua nani? Mjumbe?

Jirani wa mwenye biwi: Nyie mnaongelea hela, mimi naongelea pua. Mwenzangu nyuma ya ukuta anamwaga kiporo cha ugali na vichwa vya samaki. Panya buku wanapita mchana kweupe. Huyo naye apunguziwe?

Bwana shamba mstaafu: Huyo hana mboji, ana jalala. Biwi linanuka likikosa hewa au likilowa kupita kiasi. Ndoo moja ya taka mbichi ifunike kwa mbili au tatu za majani makavu, ligeuze kila wiki, masika lifunike kwa turubai. Ukifinya konzi moja ya mboji hiyo mkononi, litoke tone moja au mawili tu. Nyama, samaki na ugali visiingie kabisa. Na magugu yenye mbegu yaache: mbegu zinahitaji joto la nyuzi 55 hivi kwa siku kadhaa ndipo zife, na kibiwi cha uani kisichofika hata mita moja kila upande ni nadra kupata joto hilo. Kuhusu ada, mtu alipie viroba anavyotoa. Hapo hakuna haja ya kukagua ua wa mtu.

Mchangiaji, Nairobi: Kenya tuna sheria ya taka ya 2022, inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mtaani kwetu tunatenga vizuri, gari likija linazichanganya zote. Afadhali huyo wa Tabata, zake hazifiki hata kwenye gari.

Mpangaji: Bwana shamba, shikamoo, ila kulipia kwa kiroba hapana. Usiku viroba vitahamia mtaroni, mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni kwetu sisi wa bondeni. Bora wote tulipe sawa.

Mleta hoja: Mitaro yenyewe imeshaziba, na ada ni ileile kwa wote.