Mfupa umeunga, lakini shuka likinigusa tu mkono natoka jasho

Mama Wawili: Wakuu habari za jioni. Nilianguka na bodaboda, nikavunjika mkono wa kushoto pale juu ya kiganja, nikafungwa hogo wiki sita. Eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Hogo lilipotolewa ndio balaa likaanza. Shuka likipita juu ya kiganja nahisi kama nimemwagiwa uji wa moto. Hapo hapo moyo unaenda mbio, kiganja kinalowa hadi simu inateleza, kinageuka zambarau na kuwa baridi kuliko mwenzake. Wifi anasema nimetupiwa kitu, daktari kasema ni mawazo. Siku hizi naufunga mkono kwenye kanga, siutumii kabisa. Nifanyeje?

Kobe Mzee: Kanda na maji ya moto ya chumvi, dada.

Fundi Viungo: Kobe, hapana! Ngozi hiyo haivumilii hata shuka.
Dada, pole. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na hayo si mawazo wala uchawi. Kuna mishipa ya fahamu ya simpathetiki, ile inayokutoa jasho ukikutana na nyoka. Ndiyo inayobana mishipa ya damu na kufungulia jasho. Kwa kawaida ubongo huiamsha kukiwa na hatari. Kwako, baada ya ajali, ubongo unasoma mguso mdogo kama jeraha jipya, unapiga king'ora, ndiyo maana baridi, rangi na jasho vinakuja na maumivu. Daktari mmoja Mmarekani, Weir Mitchell, aliyaandika haya tangu 1864, kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Risasi ilishatoka zamani, lakini walishinda na kitambaa kibichi mkononi kwa sababu hawakustahimili kitu kikavu kuwagusa.

Hiyo kanga ifungue. Mkono usiotumika unazidi kuwa mgeni kwa ubongo. Anza na pamba, dakika mbili mbili, ukiangalia kwa macho. Ukizoea, hamia kitambaa laini, halafu taulo. Na usikawie kumwona daktari wa maumivu au wa mifupa, maana miezi ya mwanzo ndiyo ya kuwahi.

Kobe Mzee: Nimenyamaza.

Bint Pangani: Mimi nilifundishwa kioo. Mkono mzima mbele ya kioo, mbovu nyuma ya kioo, unafumba na kufumbua kiganja taratibu huku ukitazama kwenye kioo kama vile ule mbovu ndio unaocheza. Wiki ya kwanza nilijiona chizi.

Mama Wawili: Pamba nimevumilia dakika moja, jasho likaja ila kidogo. Kioo nimeazima saluni ya jirani, anakitaka kesho saa mbili.