Kupima uhusiano wa wazazi kwa miaka miwili: dodoso lipi, na waliotengana niwaweke wapi?

Mtafiti_Moro
Habari wadau. Naandaa utafiti wa wenza wanaotarajia mtoto: jozi 240 kutoka kliniki mbili za wajawazito, baba na mama wote wanahojiwa. Awamu ni nne: mimba ya miezi saba, kisha mtoto akiwa na miezi 6, 12 na 24. Nataka kuona uhusiano wa wazazi unavyobadilika kipindi hicho. Msimamizi anapendelea DAS ya 1976, dodoso la kupima hali ya uhusiano wa wenza lenye maswali 32, mimi naiona ndefu. Halafu, je, nichukue wastani wa mume na mke kuwa alama moja ya nyumba? Na wakitengana katikati, nawafuta?

Kipimo_Sahihi
Mkuu, DAS ya Spanier ni kipimo cha heshima, ila urefu siyo tatizo lake kubwa. Maswali 13 kati ya hayo 32 yanauliza wenza wanakubaliana kiasi gani kuhusu fedha, dini, wakwe, kazi za nyumbani na kadhalika, kisha yanajumlishwa na maswali ya kuridhika. Wanaobishana sana kuhusu hela huku wakipendana wanaweza kupata alama sawa na wasiobishana lakini wamechokana. Mtoto akishazaliwa kazi huongezeka, alama inashuka, na wewe huwezi kusema kilichoshuka ni nini.

Ningechukua CSI ya Funk na Rogge ya 2007, inayopima jinsi mtu anavyoridhika na uhusiano wake. Ina matoleo ya maswali 32, 16 na 4. La 16 linakutosha: alama ni 0 hadi 81, na chini ya 51.5 huhesabiwa kuwa uhusiano una shida. Kizingiti hicho usikitumie kuwagawa watu wako, hakikupatikana kwa wenza wa kliniki zetu. Tumia alama kamili.

Usipunguze ngazi za majibu ili kurahisisha. Utafiti wa Fragile Families wa Marekani, uliofuatilia watoto karibu 4,900 waliozaliwa kati ya 1998 na 2000, uliwauliza akina mama kama baba wa mtoto ni mtu wa haki na huwa tayari kulegeza msimamo, kwa majibu matatu: mara nyingi, wakati mwingine, kamwe. Kwa mama anayehojiwa hospitalini baada ya kujifungua, ufupi huo unaeleweka. Lakini aliyejibu “mara nyingi” mwanzoni hana tena pa kupanda, na utakayemwona akisogea ni anayeshuka tu.

Jambo jingine: mapenzi ya wenza na ushirikiano wao katika kulea ni vitu viwili. Cha pili kina dodoso lake, la Feinberg na wenzake la 2012, maswali 35, na toleo fupi la 14. Lianze mtoto akiwa na miezi 6. Hilo unaweza kuendelea kulitumia hata kwa waliotengana, CSI huwezi.

Dada_wa_Uwandani
Naongezea ya huko vijijini, maana data huharibikia huko kabla haijafika kwenye kompyuta.

Mume na mke wahojiwe muda mmoja, sehemu mbili tofauti, na wadodosaji wawili. Ukimhoji mmoja leo na mwingine Alhamisi, watakuwa wameshaulizana “wewe ulisema nini?” na majibu ya wa pili yatafanana na ya wa kwanza. Kadi ya majibu yenye ngazi sita usiisome kwa mdomo, mtu hukumbuka ya kwanza na ya mwisho tu. Mpe kadi aguse. Asiyesoma mpe duara zinazoongezeka ukubwa, na mfanye mazoezi na swali la chakula kwanza.

Sentensi za kukanusha zitoe. “Sijutii kuwa naye”: mmoja atajibu “ndiyo” akimaanisha hajutii, mwingine “hapana” akimaanisha hilohilo. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, irudishwe na mwingine ambaye hajaona ya asili, halafu wasomee watu kama 10 wa eneo lako na uwaombe waeleze kila swali kwa maneno yao. Ukishafunga maneno, usiguse hata neno moja mpaka mwezi wa 24. Wengi huboresha swali awamu ya pili kwa nia njema, na hapo ulinganisho umekufa.

Taja mwenza kwa nafasi yake: “baba wa mtoto huyu”, siyo “mume wako”. Kwenye ndoa za wake wengi, baba naye aulizwe kuhusu mama wa mtoto huyu peke yake. Kila awamu uliza pia: katika siku 30 zilizopita mmelala nyumba moja siku ngapi? Aliyekwenda mgodini miezi mitatu husifu uhusiano kuliko alivyousifu akiwa nyumbani, na bila swali hilo utadhani uhusiano umepona.

Namba za simu chukua tatu kwa kila mtu, yake na za ndugu wawili. Usitume ujumbe unaotaja mada. Simu moja hushikwa na watu wengi. Na kama utagusa ukatili, mwongozo wa WHO wa 2001 unataka mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha kamili, na mume wake asiulizwe maswali hayo.

Takwimu_Kavu
Wastani wa wawili, hapana. Mke 30 na mume 70 wanatoa 50, sawa na wawili wenye 50 kila mmoja, na hizo ni nyumba mbili tofauti kabisa. Kila mtu abaki na mstari wake kwenye data: namba ya jozi, herufi M au B, awamu. Modeli iwe ya ukuaji wa jozi: mwanzo na mteremko (alama ya kuanzia na kasi ya kubadilika) wa mama, mwanzo na mteremko wa baba, vinne hivyo vikiruhusiwa kuhusiana. Ukiwachambua kama watu 480 wasiojuana, makosa sanifu (kipimo cha kiasi makadirio yanavyoweza kukosea) yatakudanganya.

Waliotengana usiwafute wala usiwape sifuri. Angalia jozi nne zenye alama 70, 65, 60 na 25: wastani 55. Ile ya 25 ikatengana, zilizobaki zikashuka 3 kila moja: 67, 62, 57. Wastani mpya ni 62. Kila nyumba imeharibika na grafu inapanda! Andika hali ya kila jozi kila awamu (pamoja, wametengana ila wanalea pamoja, hakuna mawasiliano) na mwezi waliotengana, kisha chambua kutengana na alama kwa pamoja. Aliyehama bila kuonekana ni kundi jingine, usimchanganye nao.

Kabla ya kulinganisha awamu, hakikisha maswali yanafanya kazi ileile, kwa kubana hatua kwa hatua yawe sawa awamu zote: muundo, uzito wa maswali, kisha viwango vya kuanzia vya kila swali. Ukibana hatua moja na CFI (namba inayoonyesha modeli inavyoendana na data) ikashuka zaidi ya 0.01, kuna swali limebadilika maana kwa watu wako. Maswali ya mapenzi ya kimwili baada ya kujifungua ndiyo ningeyashuku kwanza.

Kwa mtu mmoja mmoja, tumia kipimo cha Jacobson na Truax cha 1991, kinachoonyesha kama badiliko la alama ni kubwa kuliko kosa la kipimo. Tuseme mchepuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika) ni 10 na alfa (uthabiti wa dodoso) ni 0.91. Kosa la kipimo ni 10 × √0.09 = 3. Kwa tofauti ya alama mbili zidisha kwa √2, unapata 4.24, kisha kwa 1.96: 8.3. Aliyeshuka alama 5 hujathibitisha kuwa ameshuka.

Mtafiti_Moro
Asanteni sana. Msimamizi sasa anauliza: kati ya miezi 12 na 24 pana pengo kubwa, naweza kupiga simu mwezi wa 18 kwa CSI ya maswali 4?

Takwimu_Kavu
Unaweza, kwa sababu yale manne yamo ndani ya 16. Ila alama yake ni 0 hadi 21, usiipanue kwa hesabu ifike 81. Kokotoa alama ya maswali manne kwa awamu zote, utapata mstari mmoja wa pointi tano.

Dada_wa_Uwandani
Na kwenye simu muulize kwanza: “Uko peke yako?” Akisema hapana, panga saa nyingine. Maswali yajibiwe kwa namba tu, ili anayesikiliza pembeni asijue kinachoulizwa. Weka alama kwenye data kuwa awamu hiyo ilikuwa ya simu.