Kukataa sheria kwa ajili ya dhamiri: usiku mmoja jela una uzito gani?

Msomaji Mdadisi
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani, na wenzake wa Concord, Massachusetts, na kuna jambo linalonisumbua. Mnamo Julai 1846 alitiwa jela kwa sababu kwa miaka kadhaa alikuwa amekataa kulipa kodi ya kichwa, akishikilia kwamba hawezi kuitii serikali inayolinda utumwa na inayopigana vita na Meksiko. Alilala humo usiku mmoja tu, maana mtu mwingine alimlipia deni, na asubuhi akaenda kuchukua kiatu chake kwa fundi. Tena kibanda alichoishi peke yake kando ya bwawa la Walden kilikuwa katika ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mwanafalsafa, na nyumbani kwa wazazi wake hapakuwa mbali. Nauliza kwa dhati: kukataa kwa namna hiyo kuna uzito gani? Na kila mtu akifuata dhamiri yake, sheria itabaki na nini?

Mpenda Historia
Ndugu Mdadisi, Thoreau hakukataa kila kodi. Ile ya barabara aliilipa, kwa kuwa alitaka kuwa jirani mwema. Alichagua mahali pa kusimama.

Kuhusu kibanda, naomba usikitazame kama mchezo wa mtu mwenye pa kurudi. Alikijenga kwa dola 28 na senti kumi na mbili na nusu, akakaa humo kuanzia tarehe 4 Julai 1845 hadi Septemba 1847. Juu ya meza yake aliwahi kuweka vipande vitatu vya mawe ya chokaa. Alipogundua kwamba itambidi avifute vumbi kila siku, alivitupa nje kupitia dirishani. Binafsi naona maisha hayo na ile kodi ni jambo moja. Mwenye mali nyingi ana mengi ya kunyang'anywa, kwa hiyo huihitaji serikali iyalinde na huogopa kuiudhi, ilhali aliyejizoeza kuishi kwa kidogo anaweza kusema hapana bila kutetemeka. Yeye mwenyewe alilieleza hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1848, uliochapishwa mwaka uliofuata.

Msomaji Mdadisi
Nashukuru, hilo la mali limenifungua macho. Hata hivyo, wenye watumwa nao walidai kwamba dhamiri zao ni safi. Nani ataamua?

Mkaa Kimya
Swali hilo ni zito, na sidhani kwamba Emerson, aliyeamini kuwa ukweli wa juu kabisa humfikia kila mtu kutoka ndani ya nafsi yake, alilimaliza. Thoreau alitoa kipimo kinachosaidia: sheria ikikutaka uwe chombo cha kumdhulumu mtu mwingine, ivunje. Dhamiri ya mwenye watumwa inaanguka hapo hapo, kwa kuwa inaishi kwa kumdhulumu mwenzake.

Kisha ikaja Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, iliyowalazimu hata raia wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwakamata watoro, na aliyemficha mtoro aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Hapo hapakuwa tena na habari ya usiku mmoja. Emerson, mtu mpole asiyependa ugomvi, aliandika katika shajara yake kwamba hataitii. Mwaka 1851 familia ya Thoreau ilimhifadhi mtoro aliyekuwa akielekea Kanada. Thoreau alikwenda kituoni kumkatia tiketi ya treni, akamwona mtu mwenye sura na mwenendo wa polisi wa Boston, akaghairi. Baadaye alirudi, akampandisha mgeni wake behewani.

Msomaji Mdadisi
Habari ya kituoni sikuijua. Nitausoma upya ule mhadhara nikiwa nayo akilini.