Haidranjia imegeuka pinki Kigamboni. Nipande nini cha bluu kitakachodumu?

BintiKibada
Wakuu, habari za wakati huu. Mbele ya baraza nina kipande kidogo cha ardhi, nataka kiwe cha maua ya bluu matupu. Mekundu na ya njano mtaa mzima yamejaa. Nataka ya kudumu, siyo kuotesha mbegu upya kila msimu.

Nilinunua haidranjia kwa muuza miche wa barabarani ikiwa na kichwa kimoja cha bluu, kizuri mno. Kikaisha, kikatoka kingine: pinki. Kingo za majani zinakauka kama zimebabuliwa na pasi, na majani mapya yanakuwa njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Muuzaji kaniambia nifukie misumari yenye kutu kwenye shina.

Udongo wangu ni kichanga. Maji ni ya kisima, yana chumvi (ya chai tunanunua). Jua linapiga kuanzia saa tano mpaka linazama. Kuna dawa, au niachane nayo? Na nikiachana nayo, nipande nini?

Fundi_Miche
Misumari achana nayo dada. Bluu ya haidranjia hailetwi na chuma, inaletwa na alumini. Madini hayo karibu kila udongo unayo, ila mizizi inayapata pale udongo unapokuwa na asidi. Pima pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo (namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi): chini ya 5.5 unapata bluu, ikivuka 6.5 unapata pinki, katikati hapo ni zambarau isiyoeleweka. Ua lililokwisha kufunguka pinki huligeuzi, unaandaa la msimu ujao.

Sasa maji yako. Visima vingi vya pwani hiyo vinapita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yanakuja na chokaa, na chokaa inaua asidi. Hata ukinunua udongo mzuri namna gani, kila ukimwagilia unaurudisha kwenye pinki. Hiyo njano yenye mishipa ya kijani ndiyo chokaa hiyo hiyo, mmea unashindwa kuchukua chuma. Kingo kuungua ni chumvi pamoja na jua.

Mnyalu_halisi
Poleni watu wa joto 😂 Huku Mufindi haidranjia inaota kando ya choo, hakuna anayeihudumia, na ni bluu ya kukolea. Udongo wa chai huo, una asidi ya kuzaliwa nayo. Jirani yangu alikuwa anamwaga majivu ya jikoni kwenye shina moja, ukienda kwake unakuta vichwa vya pinki upande mmoja na vya bluu upande wa pili wa uzio.

BintiKibada
@Mnyalu_halisi kumbe! Na mimi dada wa kazi anamwaga majivu ya mkaa humo humo, eti yanafukuza wadudu.

Fundi_Miche
Majivu yasimame leo, nayo yanaua asidi kama chokaa. Na mbolea ya DAP usiweke, fosforasi ikizidi inaifunga alumini na mmea hauipati.

Ukitaka kuiokoa hiyo moja, ihamishie kwenye chungu kikubwa chenye matundu, weka udongo wa msitu na majani yaliyooza, iweke upande wa mashariki wa nyumba ipate jua la asubuhi tu. Imwagilie maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa. Halafu tafuta shabu, lile jiwe la kutulizia maji machafu, lina alumini. Kijiko cha chai kwenye lita tano za maji, mwagia udongo uliokwisha kulowa, rudia baada ya wiki tatu. Ukizidisha unaunguza mizizi. Lakini nikwambie ukweli: joto la Dar haidranjia inalivumilia tu, hailipendi. Ifanye mgonjwa wa chungu, bustani ijengee kitu kingine.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, panda plambago. Ile ya maua ya samawati mepesi yanayokaa kwa mafungu, yana kunatanata chini ya ua, watoto wanayabandika masikioni kama hereni. Asili yake ni Afrika Kusini, jua kwake ni chakula, na ikishashika mizizi hata ukisahau kumwagilia haikununii. Usinunue miche kumi, nunua mmoja, kata vijiti visivyokomaa sana, chomeka kwenye mchanga wenye kivuli. Siri yake ni mkasi: maua yanatoka kwenye matawi mapya, usipoikata inakuwa kichaka cha majani. Ukikata vaa glavu, utomvu wake unawasha baadhi ya watu.

Kwenye miezi ya kwanza changanya mboji nyingi, na ukipata mvua iache ioshe chumvi. Mimi pia niko na kisima.

Kamaa_Limuru
Hapa Limuru agapantasi ndiyo kusema, samawati iliyokolea na shina refu. Ukiipanda mara moja inazaa fungu, unagawa baada ya miaka kadhaa. Lakini kwa hiyo mchanga yako ya Dar, sijui, hii kitu inapenda usiku wa baridi kidogo.

Shangazi wa Tanga
@Kamaa_Limuru Dar atapata majani mazuri, maua ya kuhesabu. Abaki na plambago.

mtaa_wa_pili
Mbona hamjataja ule wa kutambaa wa chai ya bluu? Clitoria ternatea. Bluu yake ndiyo bluu, siyo zambarau inayojisingizia. Ni jamii ya kunde kwa hiyo udongo mbovu hauupi shida. Loweka mbegu usiku kucha, ngozi yake ngumu, kisha uipandishe kwenye uzio wa waya au nguzo ya baraza. Maua ukiyakausha unapata chai, ukikamulia ndimu inageuka zambarau, wageni wanashangaa.

Mganda_Mtukula
Ongeza Rotheca myricoides, ni ya kwetu huku Afrika Mashariki. Petali tano: nne bluu ya kupauka, ya chini imekolea peke yake, na stameni (nyuzi za katikati ya ua) ndefu zimepinda kwenda juu. Inafika urefu wa mtu, ipande nyuma karibu na ukuta, plambago ije mbele.

BintiKibada
Asanteni sana. Nimeelewa: haidranjia chunguni, plambago mbele, Rotheca nyuma, chai ya bluu kwenye nguzo. Na kwenye kivuli cha baraza, ambako jua halifiki?

Shangazi wa Tanga
Hapo weka ua letu la Usambara, lile lililopelekwa Ujerumani likapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima. Mwagilia chini kwenye sahani, maji yakikaa kwenye majani yanaacha madoa. Nunua la bustani, usimtume mtu akang'oe msituni Amani, kule yamebaki machache. Ukipata moja linatosha: chomeka jani na kikonyo chake kwenye udongo mwepesi, litazaa.

BintiKibada
Sawa shangazi. Mbuzi wa jirani je, anakula plambago?

Fundi_Miche
Mbuzi hana anachokiacha. Ule mkunde wa kutambaa ndio ataumaliza kwanza, ni malisho kabisa. Ziba uzio kabla hujapanda.